Mkojo wa mgonjwa wa homa ya ubongo usimwagwe: namna ya kuuchukua na kuufikisha maabara

Siku hiyo nilikuwa zamu ya mchana kwenye maabara ya hospitali moja hapa Mwanza, jina nalihifadhi. Boti ya asubuhi ikaleta sampuli tatu za mkojo kutoka visiwani, zimepangwa vizuri ndani ya sanduku la barafu ya samaki. Nikafungua. Vikopo baridi safi, vifuniko vimekazwa, ila jina hata moja hakuna. Aliyeviandika alitumia kalamu ya kawaida ya wino. Barafu iliyeyuka njiani, maji yakaosha maandishi yote, ikabaki michirizi ya bluu.

Fomu zilikuwa tatu, kavu kabisa ndani ya bahasha: mama mjamzito wa kliniki, mtoto wa shule aliyeshukiwa kichocho, na kijana wa miaka 22, mvuvi wa dagaa, siku ya nne ana homa na hajitambui. Vikopo vitatu mbele yangu, vyote vya njano. Nikavimwaga.

Nimekaa maabara miaka 19 na sampuli nilizomwaga ni nyingi, lakini ile ya yule kijana bado naikumbuka. Daktari wake alikuwa amefikiria jambo ambalo wengi hatulifikirii: kutafuta kwenye mkojo virusi vya mbu vinavyoshambulia ubongo. Alifanya sehemu yake, sisi wa pembeni tukamwangusha kwa kalamu ya wino. Ndiyo maana nawaandikia wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya mwaloni, kule boti zinakoshusha samaki, kuanzia Ukerewe, Buchosa na Sengerema hadi Magu, na kwa wale wa Musoma na Bukoba pia. Ndugu anayemuuguza mgonjwa naye asome, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayeshika kikopo.

Kwa nini mkojo

Kwetu mkojo una kazi tatu zinazojulikana: mimba, kichocho na UTI. Hiyo ya mwisho imekuwa wimbo. Mtu akienda na homa anarudi na karatasi imeandikwa malaria na UTI, akipona amepona, asipopona anabadilishiwa dawa. Kwa hiyo ukimwambia mama wa mgonjwa "naomba mkojo", yeye anasikia UTI, na ukishachovya kijiti kikabadilika rangi, hata daktari wa zamu anaweza kusikia UTI akaacha kutafuta. Kile kijiti kinaonyesha sukari, protini, damu, dalili za bakteria. Kirusi hakionyeshi, hata ukikichovya mara kumi.

Kirusi kinatafutwa kwa kipimo cha PCR, kile kile tulichokizoea wakati wa Uviko, kinachosaka vinasaba vyake. Na hapa ndipo mkojo unapopata thamani. Chukua mfano wa kirusi cha West Nile. Mbu akishakuambukiza, virusi vinazunguka kwenye damu siku chache tu. Watu wengi hawaugui kabisa, karibu mmoja kati ya watano anapata homa, na chini ya mmoja kati ya mia ndiye ubongo au uti wake wa mgongo unashambuliwa. Sasa huyo mmoja anapoanza kuongea maneno yasiyoeleweka na ndugu kumpakia kwenye boti, virusi kwenye damu yake mara nyingi vimeshapungua au vimekwisha. Unapima damu, PCR inasema hakuna. Unapima maji ya mgongo, nayo mara nyingi inasema hakuna. Lakini kwenye mkojo virusi huendelea kutoka kwa muda mrefu zaidi. Wataalamu wa Italia na wa Hungaria waliopima wagonjwa wao wa West Nile walivikuta kwenye mkojo mara nyingi kuliko kwenye damu, na kwa siku nyingi zaidi. Zika nayo ina tabia hiyo. Mlipuko wa Marekani ulipopamba moto mwaka 2016, mamlaka za afya za huko zilielekeza mkojo upimwe hadi siku 14 tangu dalili zianze, wakati damu ilikuwa inapitwa na wakati mapema.

Msidhani nawaletea habari za mbali. West Nile ni jina la eneo la Uganda, ndiko kirusi hicho kilikopatikana mwaka 1937 kwa mama mmoja mwenye homa. Zika ni msitu karibu na Entebbe, kandokando ya ziwa hili hili, mwaka 1947. O'nyong-nyong ililipuka Uganda mwaka 1959 ikashuka hadi kwetu, nayo inaenezwa na mbu wa malaria wenyewe. Chikungunya ni neno la Kimakonde, la ugonjwa uliowakunja watu kule Newala mwaka 1952. Vyote hivi vina makwao Afrika Mashariki, ni sisi tu tunaovipa jina la malaria kila vinapopita.

Halafu tazama mazingira yetu. West Nile huishi kwa ndege, na mbu wanaoieneza ni wale wa mitaro ya maji machafu, wanaouma usiku. Ndege tunao hadi juu ya paa za masoko. Wavuvi wa dagaa hukesha nje na taa zao. (Lile wingu linalopanda juu ya ziwa kama moshi si mbu, jamani. Ni visubi vya ziwani, haviumi mtu. Kila mwaka naulizwa.)

Mgonjwa yupi

Mwenye homa, au aliyekuwa na homa siku chache nyuma, kisha akaanza mambo ya kichwani: kuchanganyikiwa, usingizi usioamka, degedege, shingo kukaza, mikono kutetemeka, au mguu mmoja kulegea ghafla bila kufa ganzi. Hilo la mwisho lishike. West Nile inaweza kumlegeza mtu kiungo kama polio.

Kabla hujagusa kikopo, mengine yatangulie. Pima malaria, pima sukari mara moja, kwa sababu sukari ikishuka mtu huzimia vile vile na dawa yake ni ya dakika tano. Dawa za homa ya uti wa mgongo ya bakteria zisisubiri majibu ya virusi, hata siku moja. Hali ya VVU ijulikane, maana fangasi wa ubongo na TB ya ubongo tunavyo vingi. Uliza mbwa, mgonjwa aling'atwa lini? Aliyetoka pembezoni mwa Serengeti aulizwe ndorobo, mbung'o wanaoeneza malale. Wafugaji waulizwe kama ng'ombe au mbuzi wametupa mimba, maana homa ya Bonde la Ufa nayo hupanda ubongoni, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya homa yenyewe kupoa.

Na kama mgonjwa anatoka damu puani, kwenye fizi au kwenye sindano, acha. Usichukue mkojo wala kitu kingine. Mtenge, piga simu kwa mganga mkuu wa wilaya. Kagera walithibitisha Marburg, homa ya kutoka damu, mwaka 2023, na tena Januari 2025. Kikopo cha mkojo hakistahili maisha yako.

Kuna jambo la maji ya mgongo. Ndugu wengi wanaamini ukitolewa maji mgongoni unakufa au unapooza, na siwacheki, kwa sababu wanaotolewa ni wale waliokwisha kuzidiwa, wakifa lawama inabaki kwenye sindano. Baba mmoja wa Misungwi aliniambia: "Mgongo hapana. Mkojo chukua hata ndoo." Nilitamani kukubali biashara hiyo. Usiikubali. Mkojo hauonyeshi bakteria wa uti wa mgongo, wala fangasi, wala seli za uvimbe wa ubongo. Unaongezwa juu ya maji ya mgongo na damu. Nilimwita nesi wa Kisukuma mwenye umri wa kumzaa, wakaongea pembeni robo saa, akakubali vyote viwili.

Kuuchukua

Kwanza piga simu maabara itakayopokea, kupitia mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya. Uliza maswali mawili: mnapima virusi gani, na mnapokea mkojo? Maabara nyingine zimezoea damu tu na zitaurudisha. Simu ya dakika mbili inaokoa safari ya zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam.

Kichocho kimetuzoesha kungoja saa nne asubuhi hadi saa nane mchana na kumrusharusha mtoto ili mayai yatoke. Virusi havina saa. Usingoje mkojo wa asubuhi wala wa mchana, chukua wa sasa hivi, leo, maana kila siku inayopita nafasi inapungua.

Mgonjwa anayejiweza anajisafisha kwa maji, bila sabuni kubaki, anakojoa kidogo chini, kisha anaweka kwenye kikopo kisafi na kikavu. Usitumie chupa ya maji ya dukani iliyosuuzwa, wala kopo lenye unga wa kuhifadhi mkojo wa kuotesha bakteria. Mtoto mchanga avalishwe kifuko cha kunatia, na mtu akae naye, maana dakika tano ukigeuka keshakitoa. Asiyejitambua huwa amewekwa mpira wa mkojo, na hapo ndipo makosa mengi hutokea: tunafungua ule mfuko unaoning'inia kitandani na kumimina. Mkojo wa kwenye mfuko umekaa tangu jana, umepata joto la wodi, vinasaba vimeshaoza. Bana mpira kwa muda, futa sehemu ya kuchomea kwa spiriti, vuta mkojo mbichi kwa bomba la sindano.

Sasa mezani. Hapa naomba utulivu, kwa sababu mkono umeshazoea kuchovya kijiti kwanza. Usichovye. Vaa glavu mpya, mimina mililita tano kwenye kila tyubu ya plastiki isiyo na dawa, tyubu mbili, funga. Mkojo uliobaki kwenye kikopo ndio wa kijiti, wa darubini na wa hayo mengine. Ukianza na kijiti umeshaingiza vidole, vumbi na kemikali kwenye sampuli ya PCR. Moja ya tyubu inasafiri, nyingine inabaki kama akiba iwapo boti itachelewa au tyubu itapasuka. Nimewahi kuihitaji hiyo akiba mara mbili.

Kama mkojo ni mwekundu, na kwa watoto wa Kwimba na Misungwi hilo ni la kawaida kwa sababu ya kichocho, usiutupe. Andika kwenye fomu "una damu". Damu huweza kuziba kipimo cha PCR kikatoa jibu la hakuna wakati kirusi kipo, na aliyeko maabara akijua ataushughulikia kwa njia nyingine.

Siku hiyo hiyo toa na damu. Hii ya kwanza ni ya kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya kirusi, nayo ndiyo nguzo ya kutambua West Nile, pamoja na kingamwili za kwenye maji ya mgongo. Ila kingamwili za virusi vya ukoo huu hufanana kama mapacha: Zika, dengi, West Nile, hata chanjo ya homa ya manjano huweza kuchanganya jibu. Muulize ndugu kama mgonjwa alichanjwa kwa ajili ya safari. PCR ya mkojo ikisema kirusi kipo, ubishi wa mapacha unaisha.

Jina, siku, baridi

Andika kwenye mwili wa tyubu, usiandike kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana. Tumia plasta ya wodini, andika kwa penseli, kisha zungushia selotepu juu yake. Penseli haiyeyuki kwa maji wala kwa spiriti. Makapeni ya bei nafuu hufutika kwa spiriti, nimejaribu. Jina kamili, namba ya faili, tarehe na saa. Jina peke yake halitoshi, wodi moja tu niliwahi kukuta kina Neema watatu.

Kwenye fomu kuna kitu kimoja ninachokitafuta kabla ya kingine chochote: siku ya ngapi ya ugonjwa. Tarehe ya kufika hospitali tunayo, hainisaidii. Homa ilianza lini, na kichwa kilianza kuharibika lini? Wanaoijua siku hiyo ni ndugu, na kuipata ni kazi ya mazungumzo. Mama wa kijana mmoja nilimkuta amekaa chini kwenye korido, kanga kichwani.

"Mwangaluka mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Mkojo tena? Si mlishapima UTI asubuhi?"

"Huu ni mwingine mama, tunatafuta mdudu wa mbu aliyepanda kichwani. Homa ilimwanza lini?"

"Muda kidogo."

"Siku ile alikwenda ziwani?"

"Alikwenda, akarudi usiku wa manane analalamika kichwa. Dagaa tulianika kesho yake, mvua ikanyesha tukaanua."

Mvua ile kila mtu aliikumbuka, ilikuwa Jumanne. Siku ya sita, nikaandika. Usiulize tarehe, uliza mvua, mnada, msiba, Jumapili ya kanisani.

Baridi ni nyuzi 2 hadi 8, tangu dakika ya kwanza, kwa muda wa siku moja au mbili. Safari ikizidi hapo mkojo ugandishwe kwenye friza la nyuzi 70 chini ya sifuri, na hilo vituo vyetu havina, kwa hiyo maana yake ni kuusafirisha mapema. Friza la soda si msaada. Umeme ukikatika unayeyuka, ukirudi unaganda, na kila mzunguko unaua vinasaba. Bora mkojo uliokaa kwenye ubaridi tu ukafika kesho kuliko ulioganda na kuyeyuka mara tatu.

Kibebeo cha chanjo na vibarafu vyake ndicho chombo kizuri, mradi hakina chanjo ndani. Kama hakipo, barafu ya mwaloni inafaa. Tyubu izungushiwe pamba ya kutosha kunywa mkojo wote ikipasuka, iingie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, mfuko uingie kwenye kopo gumu lenye kifuniko, kopo lisimamishwe katikati ya barafu. Fomu ikae nje ya kopo, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Na sanduku likishabeba mkojo halirudi kubeba sangara. Lipakwe rangi, liandikwe MAABARA pande zote nne, maana mwaloni sanduku halina mwenyewe.

Mpe anayesafiri namba ya simu ya anayepokea, na mpigie anayepokea umwambie boti imeondoka saa ngapi. Sampuli nyingi zilizoharibika mikononi mwangu ziliharibikia getini, kwa mlinzi, juani, zinamngoja mtu ambaye hakujua zimekuja.

Majibu yakirudi

Kirusi kikionekana kwenye mkojo wa mtu mwenye dalili za ubongo, umepata ushahidi mzito. Dawa maalumu ya kuua West Nile haipo, na ndugu watakuuliza basi mmepima ya nini. Waambie: mgonjwa anapata uangalizi wa kupumua, degedege na viungo vilivyolegea, wilaya inajua ianze kufukia mitaro wapi, na familia inaacha kumtafuta jirani aliyeroga. Kwa maeneo yetu hilo la tatu si dogo.

Kirusi kisipoonekana, usiandike "hana". Andika "hakikuonekana kwenye mkojo wa siku ya sita". Huenda umechelewa, huenda barafu iliisha kivukoni Kamanga, huenda ni ugonjwa mwingine kabisa. Kinachobaki hapo ni damu ya pili, wiki mbili hadi tatu baada ya ile ya kwanza, zipimwe pamoja uone kama kingamwili zimepanda.

Yule mtoto wa mama wa dagaa, mkojo wake ulifika salama, penseli inasomeka, kopo bado baridi. Jibu likaja hakikuonekana. Damu ya kwanza ilikuwa na kingamwili zisizoeleweka ni za yupi kati ya mapacha. Wakati huo kijana ameshaamka, anakula ugali, anataka nyumbani. Nilipopanda wodini kumwambia arudi kwa damu ya pili, kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Walikuwa wamewahi kivuko cha mchana, na namba ya simu kwenye faili ilikuwa ya shemeji aliyehamia Geita.

Sasa tarehe ya damu ya pili naiandika siku ile ile ninayochukua mkojo, kwa penseli, juu ya kadi ya mgonjwa anayoondoka nayo, na nyingine nampa mama mkononi: "Siku hii mlete, hata kama amepona, hata kama ameshaingia ziwani." Chini yake naandika namba yangu.